Mtoto akitaka kuimba chuoni Marekani, tusijibu "hapana" kabla ya kuhesabu

Kuna swali ambalo linaingia siku hizi katika simu zetu hapa Goma, Bukavu, Uvira na Bunia, na linatoka mbali. Mzazi anayeishi Lexington au Louisville, katika jimbo la Kentucky, ao Dayton katika Ohio, anaomba ndugu zake wamsaidie kumshauri mtoto. Mtoto yuko mwaka wa mwisho wa segondari. Ana pointi nzuri. Lakini hataki uuguzi, hataki kompyuta, hataki kazi ya benki. Anataka kuingia chuo kikuu asomee teatri ya muziki: kuimba, kuigiza na kucheza ngoma jukwaani, vyote kwa pamoja. Mzazi anauliza: je, ni kwa ajili ya jambo hili tulivumilia miaka yote ile kambini?

Tunaandika juu ya swali hili kwa sababu jibu lake, mara nyingi, linatolewa huku kwetu. Tate akisema hapana kwa simu, neno linakwisha. Baba mdogo akisema "huyo mtoto amepotea, Marekani imemuharibu", mzazi anapata nguvu ya kukataa. Familia nyingi za mashariki mwa Congo zinaamuliwa hivyo, bahari ikiwa katikati. Basi wale wanaotoa neno la mwisho wanapaswa kujua wanalolitolea hukumu.

Msimamo wetu ni huu: mtoto apewe ruhusa ya kujaribu msimu mmoja, kwa masharti yaliyo wazi, na familia ihesabu gharama mbele ya kusema ndiyo na mbele ya kusema hapana. Kukataa bila kuhesabu ni kosa. Kukubali bila kuhesabu ni kosa kubwa zaidi.

Hii teatri ya muziki ni kitu gani?

Wale walioangalia filamu ya Sarafina!, iliyotoka mwaka 1992, wanajua tayari. Kabla ya kuwa filamu, ulikuwa mchezo wa jukwaani uliozaliwa Johannesburg na kufika Broadway, New York, mwaka 1988. Watu wanaongea, halafu maneno yakizidi uzito wanaimba, na mwili nao unaingia katika ngoma. The Lion King, ambao majina yake ya Simba na Rafiki yametoka katika Kiswahili chetu, unachezwa Broadway tangu mwaka 1997. Na hapa kwetu, wakaaji wa Lubumbashi hawana la kufundishwa juu ya nguvu ya jukwaa: kundi la Mufwankolo lilichekesha na kuonya watu kwa Kiswahili cha Katanga kwa miaka mingi, mpaka katika radio na televisheni. Mtoto anayetaka kazi hiyo hajazua kitu kigeni.

Tofauti ni kwamba Marekani wameifanya kuwa masomo ya chuo kikuu, ya miaka minne, yenye diploma. University of Michigan inayafundisha, Carnegie Mellon ya Pittsburgh inayafundisha, na University of Cincinnati, ambayo iko karibu sana na familia zetu za Ohio na Kentucky, ni kati ya za kwanza kuyaanzisha, tangu miaka ya 1960. Na ili mtu aingie, pointi za shule hazitoshi. Anapaswa kupita odisheni, yaani mtihani wa sauti, mwili na maneno mbele ya walimu.

Namna mtihani wenyewe unavyokwenda

Kwanza kuna mchujo wa video. Kati ya mwezi wa tisa na mwezi wa kumi na mbili, mtoto anajirekodi na kutuma. Vyuo vingi vimekubaliana juu ya mpango mmoja ili watoto wasitengeneze video tofauti kwa kila chuo. Kwa kawaida wanaomba vipande viwili vya nyimbo za jukwaani vinavyotofautiana, kila kimoja sekunde 60 mpaka 90, maneno ya kuigiza peke yake, nayo ya dakika moja na kitu, ngoma fupi, na pengine kipande cha kujionyesha anavyotaka mwenyewe, kama kupiga gitaa ao kusema shairi lake. Kila kipande kinarekodiwa mara moja bila kukatwa na kuungwa.

Wanaopita mchujo wanaitwa kwa odisheni yenyewe. Vyuo vingine vinapokea watoto nyumbani kwao, vingine vinafanya kwa video ya moja kwa moja, na vingi vinakutana pamoja katika miji kama New York na Chicago, mwezi wa kwanza na wa pili, ili mtoto mmoja aonekane na vyuo kadhaa katika siku chache. Hapo anaimba na mpiga piano ambaye hajawahi kukutana naye, anaigiza, anafundishwa ngoma katika kundi na kuicheza dakika chache baadaye, kisha anaulizwa maswali. Mwalimu anaweza kumsimamisha katikati ya wimbo na kusema asante. Anaweza pia kumwambia: "Imba tena, lakini sasa unamwimbia mtu ambaye hutamuona tena." Hapo hawapimi tu kama sauti ni nzuri. Wanatafuta kujua kama mtoto anasikia maagizo, anabadilika, na anafundishika.

Majibu yanatoka kufikia mwisho wa mwezi wa tatu ao mwanzo wa mwezi wa ine. Tarehe 1 mwezi wa tano, ndiyo siku ambayo vyuo vingi vinataka mtoto awe amechagua.

Woga wa mzazi una msingi

Hatutamdanganya mzazi. Programu zinazojulikana zaidi huchukua watoto kati ya kumi na ishirini na kitu kwa mwaka, na wanaojitokeza ni mamia, pengine zaidi ya elfu moja. Mtoto mwenye kipaji cha kweli anaweza kukataliwa na vyuo kumi. Pengine darasa limekwisha kupata sauti za juu za kutosha na sasa linatafuta sauti nzito. Mtoto haambiwi sababu.

Hata akimaliza masomo, jukwaa halilipi mshahara wa kila mwezi kama hospitali. Wasanii wengi wa New York wanafanya kazi nyingine ili wapate kulipa nyumba, na wanapata mchezo kwa miezi michache tu. Mzazi aliyelala katika hema Nyarugusu ao Nakivale, ambaye sasa anafanya kazi usiku katika ghala, anajua bei ya usalama. Na hayuko peke yake: kile kiasi kidogo anachotuma kila mwezi kinalipa dawa ya koko yetu Uvira na shule ya binamu Beni. Tuseme ukweli huu bila haya: wengine kati yetu tunamkataza mtoto kwa sababu tunahesabia mshahara wake wa kesho.

Tena kuna uzito mwingine. Katika mwaka wa bajeti wa 2024, Marekani ilipokea wakimbizi wapatao 100,000, na karibu elfu 20 walikuwa Wacongomani, kuliko inchi nyingine yoyote. Mwezi wa kwanza 2025 programu hiyo ilisimamishwa. Wengi waliokuwa wamemaliza hatua zote walibaki kambini. Aliyefika anabeba matumaini ya wasiofika. Si rahisi kumwambia baba kama huyo kwamba mwanawe anataka kuimba.

Lakini hasara ya kukataa nayo ihesabiwe

Mtoto anayelazimishwa kuingia uuguzi bila moyo hawi muuguzi kwa sababu sisi tumesema. Wengine wanaacha katikati, na deni la mwaka ule haliondoki. Mzazi anayesema hapana kwa ajili ya kuokoa feza anaweza kupoteza feza na mtoto pamoja. Cynthia Erivo, aliyezaliwa London na wazazi kutoka Nigeria, alianza masomo mengine chuo kikuu mbele ya kwenda shule ya uigizaji ya RADA. Mwaka 2016 akashinda tuzo ya Tony kwa mchezo wa The Color Purple. Hatusemi kwamba kila mtoto wa mhamiaji atakuwa Cynthia Erivo. Tunasema tu kwamba njia yake ilianza na mlango aliougonga mwenyewe.

Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe. Sisi hatuendi mbali hivyo. Kazi ya mzazi ni kuangalia kama kile anacholilia ni wembe kweli. Masomo haya yanamfundisha mtu kusimama mbele ya watu bila kutetemeka, kufanya kazi katika kundi, kufika kwa saa, kukumbuka maneno mengi, kutunza sauti na mwili. Wapo wanaomaliza na kuwa walimu wa shule, viongozi wa kwaya, watangazaji, wafanyakazi wa mashirika. Diploma ya miaka minne ni diploma, na kazi nyingi za ofisi huko zinaomba diploma bila kujali ya nini.

Mtihani unawapendelea wenye nacho

Kuna jambo ambalo vyuo hivyo vinapaswa kuambiwa, hata kama vinasoma Kiswahili ama havisomi. Mtihani huu unasema unatafuta kipaji, lakini umejengwa kwa namna ambayo feza inaongea mbele ya sauti. Kila chuo kinaomba ada ya maombi, mara nyingi dola 50 mpaka 100, na pengine ada nyingine ya video. Mtoto anayeomba vyuo kumi na tano, sawa vile wengi wanavyofanya, amekwisha kutumia mshahara wa wiki nyingi kabla hajaimba neno moja. Ongeza tiketi ya ndege kwenda Chicago na hoteli. Ongeza mwalimu wa sauti, mwalimu wa ngoma, na mshauri wa kulipwa wa kuchagua nyimbo. Wenzake wamecheza baleti tangu umri wa miaka mitano. Mtoto wetu, katika umri huo, alikuwa anasimama katika mstari wa maji kambini.

Hiyo si haki. Lakini kusema si haki kisha kubaki nyumbani hakumsaidii mtoto. Iko milango ambayo wazazi wengi hawaijui, na hapa ndugu wa huku wanaweza kusaidia kwa kuuliza maswali yanayofaa.

Wa kwanza ni kusamehewa ada. Mtoto wa familia yenye kipato kidogo anaweza kuomba asilipe ada ya maombi kupitia fomu ya Common App, na vyuo vingi vinakubali pia kusamehe ada ya video ukiwaandikia. Mshauri wa wanafunzi pale shuleni ndiye anayethibitisha. Haiombwi kwa kupiga magoti. Ni haki iliyoandikwa.

Wa pili ni fomu ya FAFSA, ambayo inajazwa bure. Raia na mwenye kadi ya kijani ya ukaaji wanaweza kuomba msaada wa serikali. Ule unaoitwa Pell Grant unafika dola 7,395 kwa mwaka wa masomo wa 2025-2026 kwa familia zenye kipato cha chini kabisa, na haurudishwi. Anayemwomba mzazi feza ili amjazie fomu hiyo anamla bure.

Wa tatu ni kuchagua chuo kwa akili. Bei kamili ya vyuo vya kibinafsi kama New York University ao Carnegie Mellon inapita dola 80,000 kwa mwaka, ingawa msaada unaweza kuipunguza. Chuo cha serikali cha jimbo unamoishi kinaweza kuwa rahisi mara nyingi. Na pale pale Kentucky kuna Berea College, ambayo haijawatoza wanafunzi wake feza za masomo tangu mwaka 1892. Wanafunzi wanafanya kazi chuoni, na teatri inafundishwa. Tena ziko diploma za teatri ao za muziki ambazo haziombi odisheni ngumu hivyo, na zinamruhusu mtoto kusomea ualimu ao biashara kando.

Mtoto wetu anaingia na kitu gani?

Wazazi wengine wanafikiri mtoto aliyekulia kwaya ya kanisa hana kitu mbele ya walimu wa Marekani. Si kweli. Mtoto wa kwaya zetu anajua kushika sauti yake wakati watu wengine watatu wanaimba sauti tofauti masikioni mwake. Anajifunza wimbo kwa kusikia, kwa haraka. Anaimba huku mwili unacheza, tangu udogo, bila kufikiri kwamba ni mambo mawili. Ana lugha tatu ao ine. Walimu wa huko wanatafuta miaka mingi vitu kama hivyo.

Kinachomkosekea kijulikane pia. Wengi hawasomi noti za muziki. Wengi hawajui ngoma za mafunzo kama baleti na tapu. Wanazoea kuimba kwa nguvu ili kanisa zima lisikie, na mbele ya kamera sauti hiyo inafunika maana. Wengine wanajaribu kuficha lafuzi yao ya Congo na kuongea kama wanavyosikia katika televisheni. Hapo wanapotea. Mwalimu anataka kusikia mtu wa kweli, hataki nakala. Mtoto achague maneno ya mtu anayemwelewa: mtu anayesubiri, anayeaga, anayetafuta ndugu. Hayo watoto wetu wanayajua bila kufundishwa.

Na kuna msaada ambao hauombi dola hata moja. Mwalimu wa muziki wa shuleni anaweza kumsikiliza na kumchagulia wimbo unaofaa umri wake. Simu ya kawaida inatosha kurekodi, mradi taa iwe mbele yake, chumba kiwe kimya, na simu isishikwe kwa mkono. Jambo gumu zaidi kwa nyumba zetu ni hilo la kimya. Mtoto wa kwanza katika familia nyingi za wakimbizi ndiye mkalimani wa hospitali, msomaji wa barua, mlezi wa wadogo zake. Kumpa saa mbili jioni, mara tatu kwa wiki, wadogo wakiwa kwa jirani na televisheni imezimwa, ni zawadi kubwa kuliko mwalimu wa kulipwa.

Masharti tunayopendekeza

Kwanza, msimu mmoja. Mtoto aombe vyuo vichache vya odisheni alivyovichunguza, na pamoja navyo angalau viwili visivyo na odisheni ambavyo familia inaweza kuvilipa. Asibaki bila mahali pa kwenda.

Pili, pointi zisishuke. Katika vyuo vingi, kukubaliwa na walimu wa jukwaa hakutoshi ikiwa ofisi ya chuo imekataa pointi zako.

Tatu, deni. Mikopo ya serikali inayoitwa Parent PLUS inaandikwa kwa jina la mzazi, na ni mzazi anayeidaiwa hata kama mtoto ameacha masomo. Tunasema wazi: mzazi asitie sahihi mkopo huo kwa sababu ya jina kubwa la chuo. Barua ya kukubaliwa isiyo na msaada wa kutosha ni kukataliwa kwa namna nyingine, na familia iwe na ujasiri wa kusema hivyo. Chuo kinaweza pia kuandikiwa na kuombwa kiongeze msaada, vingine vinakubali.

Ine, jibu la hapana lisigeuzwe kuwa kicheko. Mtoto aliyekataliwa na vyuo vyote hakuleta aibu. Amesimama mbele ya watu wasiomjua, katika lugha ambayo si ya mama yake, na akaimba. Mwaka ujao anaweza kurudia, anaweza kwenda chuo cha mtaani cha miaka miwili, ao anaweza kuchagua kazi nyingine akiwa ameijua nafsi yake. Atakayekosa hataishi akijiuliza ingekuwaje.

Na sisi tuliobaki huku?

Mtoto wa Goma mwenye kipaji kama hicho hana fomu ya kujaza. Institut National des Arts iko Kinshasa, na kutoka mashariki kwenda kule ni ndege na gharama ambazo familia nyingi haziwezi. Huku kwetu kazi hiyo imebebwa na vituo vya vijana, kwaya za makanisa na watu kama wa Yolé!Africa pale Goma, wanaofundisha hata wakati risasi zinasikika. Serikali inayosifu wasanii wetu wakishinda nje inapaswa kujibu kwa nini kazi hiyo katika Kivu Kaskazini na Kivu Kusini imeachiwa vituo na makanisa. Swali hilo haliwezi kungojea amani kamili, kwa sababu watoto hawangojei kukua.

Lakini kwa leo, tunawaomba jambo dogo wale ambao simu itawafikia. Ndugu yako akikuuliza juu ya mtoto huyo, usijibu kwanza. Uliza: ameomba vyuo gani? Ada imesamehewa? FAFSA imejazwa? Kuna chuo kisicho na odisheni katika orodha? Deni litaandikwa kwa jina la nani? Halafu omba mtoto mwenyewe akupigie na akuimbie ule wimbo wa dakika moja na nusu. Msikilize mpaka mwisho. Baada ya hapo, neno lolote utakalosema, awe amejua kwamba umemsikia.